Amortisa ya Gari la Wagonjwa

Asubuhi hiyo Zéphirin alikuwa amelala chali chini ya gari la wagonjwa, kando ya soko la Kabambare, akifungua amortisa ya usukani. Ni chuma chembamba chenye mafuta ndani, kama mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, kinacholala baina ya magurudumu ya mbele na kuuzuia usukani usirukeruke kila gurudumu linapoangukia shimoni. Hiki kilikuwa kimekufa zamani. Alipokivuta kilifunguka bila ubishi wowote.

Régina aliketi kwenye kidaraja cha mlango wa nyuma, mikono juu ya tumbo, akimngoja amalize. Naye alikuwa amekufa, msimu wa mvua uliopita, ndani ya gari hilohilo.

Walikuwa wakimpeleka Kasongo kupasuliwa, kwa kuwa mtoto alikaa vibaya. Kwenye mteremko, mbele kidogo ya Lusangi, gurudumu la kushoto liliingia kwenye bonde lililochimbwa na malori, usukani ukaanza kutetemeka, kisha ukamponyoka Zéphirin mikononi kama kambale. Gari likalala ubavu mtaroni. Wanakijiji walikuja na kamba na kusukuma mpaka mabega yakachubuka, na walipoliinua Régina alikuwa amekwisha kukata roho, mtoto yungali tumboni. Zéphirin alikuwa ameomba amortisa tangu kiangazi. Shirika lililoleta gari lilimjibu kwamba barabara ni mbaya kwa kila mtu.

Baada ya maziko Régina alirudi akakaa garini. Alizikwa na tumbo lake, akarudi nalo. Wagonjwa walisogea kidogo apate nafasi, na kama hakuna mgonjwa alikaa mbele. Mama Arlette, mkunga, alimuuliza tu kama uchungu umepungua, akajibu kwamba umesimama palepale. Mumewe, Salomon, alimletea bugali siku za Jumapili, na Régina alimwambia amekwisha kula, asisumbuke roho.

Sasa shirika lilikuwa limekubali. Bwana Dominique, msimamizi wake wa vifaa, alimwita Zéphirin aende Kasongo wakachague amortisa pamoja. Zéphirin aliirudisha ile iliyokufa mahali pake, maana pakiachwa patupu ingekuwa mbaya zaidi, wakaondoka polepole yeye na Régina.

Duka la François lilikuwa karibu na soko, limejaa minyororo ya pikipiki na mipira ya ndani iliyoning'inia kama soseji. Dominique alikuwa amekwisha kufika na jeep yake. Alimpa Zéphirin mkono, akamsalimu Régina kwa heshima, akaomba aletewe kiti, kwa hali aliyokuwa nayo.

François aliweka amortisa tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, mpya, ya mafuta, haina urembo wowote. Ya pili ilikuwa ya manjano, ya gesi. Ya tatu ilikuwa imetoka kwenye gari jingine, ikapakwa rangi ya fedha kwa brashi. Unyoya mmoja wa brashi ulikuwa umegandia pale.

François hakuficha kitu. Alieleza kwamba ile ya gesi hujisukuma yenyewe, na usiposhika usukani kwa nguvu itauvuta upande mmoja siku nzima. Ya fedha alisema ni ya kumsaidia mtu afike nyumbani, basi. Zéphirin alizipima urefu, zikiwa wazi na zikiwa zimefungwa, maana ikiwa fupi usukani haukati kona mpaka mwisho. Zote zilifaa kwa urefu.

Régina akaomba azishike. Ya fedha aliisukuma kwa kidole, ikazama kama mwiko kwenye uji. Ya manjano aliisukuma, akaiachia, ikarudi kumgonga kiganja. Ile nyeusi ilimbidi aiegemee. Ilikwenda polepole, na alipoivuta ilirudi polepole vilevile, kama mtu mwenye adabu anayempisha mwenzake mlangoni. Akaikumbatia juu ya tumbo.

"Iko hii," alisema.

Dominique alikubali. Alisema mama ana jicho zuri, na kwamba nyeusi ataichukua yeye kwa jeep. Gari la wagonjwa litachukua ya fedha.

Zéphirin alidhani hakusikia vizuri. Dominique akaeleza bila haraka. Wageni wa shirika walikuwa wanafika kutazama miradi, na mara ya mwisho mmoja wao aliumia shingo kwa mtetemeko. Wakikasirika hawatarudi, na wasiporudi hakutakuwa na amortisa ya rangi yoyote.

"Shefu," Zéphirin alisema, "gari yako inabeba watu wazima. Yangu inabeba wenye kuzaa."

"Ni kweli," Dominique alisema. "Bajeti ingine tutaona."

"Mimi nilikufa sababu ya ingine kama ile," Régina alisema, akiionyesha ya fedha kwa kidevu.

"Pole sana, mama," Dominique alijibu, na alimaanisha. "Lakini wageni wanafika Alhamisi."

Zéphirin alimwendea Régina. Aliichukua nyeusi mapajani mwake, akatoka nayo, akaingia chini ya gari na kuifunga. Kwa hasira nati ilimponyoka ikamwangukia usoni, akaiokota. Alikaza mpaka spana ikalia. Alipotoka, Dominique alikuwa amesimama kivulini akimngoja. Hakupaza sauti. Alimwambia achague: aifungue, au aache funguo za gari mezani. Alikuwa na mulamu, shemeji yake, kutoka Kindu anayetafuta kazi ya udereva. Kijana mzuri, ila barabara ya Kabambare hajaiona.

Zéphirin alifikiria kijana huyo kwenye mteremko wa Lusangi, na mama mwingine nyuma yake. Akarudi chini, akaifungua ile nyeusi, akaifunga ya fedha. Kama asingekuwa amelala, watu wangeona anavyolia. Régina aliona, akamfuta matope kwa ncha ya kitenge.

Walipofika Lusangi wakirudi, amortisa ya fedha ilikuwa inavuja. Watu walisimama barabarani wakipunga mikono. Subira, ambaye mumewe alikuwa machimboni Salamabila akichimba dhahabu, alikuwa na uchungu tangu jana yake na mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia. Mama yake alikuwa ameshika beseni na khanga safi. Hapakuwa na la kujadili. Walimlaza nyuma, Zéphirin akageuza gari kuelekea Kasongo, na kabla ya mteremko usukani ukaanza kumchezea mikononi.

"Simama, papa Zéphirin," Régina alisema.

Akasimama. Régina alishuka, akajifunga kitenge vizuri, akalala chali na kujisogeza chini ya gari, tumbo likipita kwa shida chini ya bampa. Zéphirin aliinama kumtazama. Régina alikuwa amekwisha kuifungua ile ya fedha na kuitupa majanini. Kwa mkono mmoja alishika fremu, kwa mwingine alishika chuma cha usukani. Zéphirin alimpa kitambaa afunike macho, kwa ajili ya tope, akampa pole, akarudi kwenye kiti chake.

Gari liliteremka kama limewekwa mafutani. Gurudumu la kushoto liliangukia kwenye bonde lilelile. Usukani ukasita kidogo, ukatulia. Nyuma, mama yake Subira alikuwa akisali. Jua lilikuwa bado juu walipoingia Kasongo, na Subira akapasuliwa, akapata binti mwenye sauti kubwa. Walipomwonyesha mtoto Régina, aliyekuwa bado chini ya gari, alimtazama kwa muda mrefu, akasema ana kichwa kizuri. Hakutoka. Alisema kuna barabara ya kurudi.

Tangu siku hiyo hakutoka tena. Salomon alianza kupiga magoti ili aongee naye.

Wageni walifika, wakatembezwa kwa jeep, shingo zao zikabaki salama. Baadaye Dominique alikuja Kabambare, akaliendesha gari la wagonjwa mwenyewe mpaka mwisho wa mji na kurudi. Alishuka akitabasamu. Alimwambia Zéphirin kwamba ameona sasa, ile ya fedha inafanya kazi vizuri kabisa, na watu hulalamika bure.

Zéphirin alimwambia kwamba ya fedha iko majanini Lusangi. Anayeshika usukani ni Régina.

Dominique alikunja suruali ili isichafuke, akainama, akachungulia. Mikono ya Régina ilikuwa imechunwa ngozi, grisi imeingia mpaka kwenye kucha, na tumbo lake lilikuwa likigusana na ekseli. Dominique alimshukuru kwa niaba ya shirika. Kisha akafikiri kidogo. Gari la wagonjwa la Salamabila nalo lilikuwa linatetemeka, na dereva wake alikuwa anaandika kila juma kuomba amortisa. Akauliza kama upande ule kuna mwingine, mwanamke wa namna yake.

"Wako," Régina alisema kutoka chini. "Wako mingi."

Dominique alikunjua suruali yake, akaipangusa magotini. Agizo la amortisa ya Salamabila alilifuta siku hiyohiyo.