Chungu chenye Midomo Miwili

Wenzake kazini walimwita Mama Ushahidi, na jina lenyewe halikumkera. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale kwenye jumba la makumbusho, mwembamba wa mwili lakini mwenye sauti nene, na kwa miaka mingi chungu kimoja kilikuwa kimemnyima raha.

Kilikuwa na midomo miwili, na ndani kimegawanywa na ukuta wa udongo usio na hata tundu. Vya namna hiyo vilifukuliwa vingi kwenye magofu ya mji mmoja wa kale, vyote vimefukiwa kichwa chini. Masizi hakuna, mafuta hakuna, hata punje ya nafaka. Alivipima, akavipeleka maabara, akabishana na wataalamu wenzake mpaka wakawa wanamkwepa. Jibu likagoma kupatikana.

Ukumbi mpya ulipokaribia kufunguliwa, mkurugenzi alimwita ofisini. Kibao cha maelezo kilikuwa mezani, kimeshachapwa: "Chungu cha Kafara."

"Kafara ya nini, mzee?"

"Ya mvua, ya mizimu, sijui. Watu wanapenda kafara."

"Si umesema mwenyewe hujui? Tuandike hivyo hivyo."

Mkurugenzi alicheka kwa pua. "Tukiandika hatujui, watatuuliza tunafanya nini humu ndani!"

"Tuwaambie tunatafuta."

"Kibao kinawekwa. Yameisha."

Hayakuisha. Siku ya ufunguzi yeye ndiye aliyepangiwa kuwatembeza wageni. Walipofika kwenye kabati la kioo alikisoma kibao kwa sauti, kisha akakipa kisogo.

"Huo ni uongo," alisema. Mkurugenzi akakohoa, hakumtazama. "Hatujui chungu hiki kilikuwa cha nini, wala kwa nini kilifukiwa kichwa chini. Waliokifinyanga walikuwa na akili zao timamu na sababu zao. Kama sababu hiyo imetupotea, hatuna ruhusa ya kuwasingizia."

Bibi mmoja akasogeza miwani yake kwenye kioo. "Sasa mwanangu, mbona walikigeuza?"

"Ndilo swali linaloninyima usingizi, bibi."

Basi mambo yakaanza. Mmoja akadai ni ngoma, mwingine akasema ni mzinga wa nyuki, nesi na dereva wakabishana vikali kama kilikuwa cha maji. Hotuba ya mkurugenzi ilikosa wasikilizaji.

Kesho yake Mama Ushahidi alihamishiwa ghalani, chumba kisicho na dirisha nyuma ya jenereta. Nyumbani mumewe alishika kichwa.

"Si ungenyamaza tu, mke wangu? Neno moja tu lile!"

"Neno moja likikaa ukutani miaka, wajukuu zako watalisoma na kuliamini."

"Haya, umepata nini sasa?"

"Vyungu vingine vyote viko ghalani. Ninavyo mimi."

Mume alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

Kibao cha kafara kilibaki palepale. Ila wageni walianza kuuliza mlangoni yuko wapi yule mama anayebisha, na walinzi, kwa kujifanya hawaoni, wakawa wanawaelekeza nyuma. Aliwapokea katikati ya rafu, akawapa vyungu mikononi, akawaambia wabishe. Mkurugenzi alimtuma tarishi: wageni marufuku ghalani.

"Mwambie ujumbe umefika," Mama Ushahidi alisema, akainuka kuwatafutia viti waliokuwa wamesimama.