Siku Tuliyomfagia Gavana Mitaro

Jimboni kwetu, mashariki ya Kongo, gavana akiachishwa kazi watu walikuwa wanatoka na mafagio, wanafagia barabara nyuma ya gari lake asije akarudi. Nimetembea nchi nyingi, shule nimeisoma vipande vipande, lakini desturi hiyo sijaikuta kwingine.

Jumapili hiyo nilikuwa kwa Bonaventure, kijana wa jimboni kwetu, hapa Toronto, Flemingdon Park, ambako nalala kwenye kochi mpaka miguu iniwashe tena. Tukawa tunabishana juu ya magavana, nani alimfuata nani, nani alikaa muda gani. Mkewe, Généreuse, mama wa Aurore, alikuwa anasaga sombe, majani ya muhogo, hasemi kitu. Ndivyo anavyokuwa likitajwa jina la Mitaro, gavana tuliyemwita hivyo kwa kuchimbachimba kila barabara. Siku Mitaro anaondoka askari walipiga risasi, naye Généreuse akapotezana na mdogo wake Nsimire, mtoto wa miaka minne. Mpaka leo Généreuse humuuliza kila mgeni kanisani habari za huyo mdogo wake.

"Mitaro alifagiwa mara moja," Bonaventure akasema. "Nilikuwepo!"

"Mara mbili, bwana. Ya kwanza wewe ulikuwa Lubumbashi unafukuzana na wasichana. Fagio halikushika. Akarudi kitini, na miaka saba baada ya ile ya kwanza tukamfagia tena."

"Papa, umezeeka."

"Muulize mkeo basi."

"Ni mara mbili," Généreuse akasema. "Nsimire alipotea ile ya kwanza."

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama Ella, jirani wa ghorofa ya juu, kakumbatia nguo mbichi. Yeye na Généreuse hugombania mashine ya kukaushia nguo kule chini, kila wiki.

"Mama Aurore, umetoa tena nguo zangu hazijakau..." Akakatika. "Mara mbili? Mitaro alifukuzwa mara mbili?"

Sote tulijua Ella alipotea siku Mitaro anafukuzwa, akalelewa na mama wa watu, ambaye ndiye aliyempa hilo jina. Lakini karani wa kambi ya wakimbizi alijua kufukuzwa kwa pili tu, akahesabia umri wake kutoka hapo, makaratasi yakampunguzia Ella miaka saba. Na kwa kimo kile kifupi, nani angebisha? Généreuse alikuwa anatafuta mtu wa umri mkubwa zaidi.

Nikainuka kwenye kochi. "Unakumbuka nini, mwanangu?"

"Kidogo tu. Nimechoka, nataka kubebwa. Yaya ananiambia..." Yaya, kwetu, ni dada mkubwa. "Ananiambia, fagia mpaka duka la Tajdin, halafu..."

"Halafu nitakubeba mgongoni," Généreuse akamalizia.

Nguo zikamwagika chini. Hakuna aliyepiga kelele, afadhali wangepiga. Miaka mitatu lifti moja, matusi yote yale, na siku moja nilimsikia Généreuse kwa masikio yangu akimwita mtoto asiye na kwao!

"Ulikuja pale dukani?" Ella akauliza.

"Nilikaa pale mpaka jeshi likanitoa kwa kitako cha bunduki."

Wakatazamana kama watu walioitwa na polisi. Hata kushikana mikono hawakuthubutu.

"Na mama?"

"Mama yu hai. Yuko Bujumbura." Généreuse alikuwa ananong'ona. "Kule ni usiku sasa, Nsimire. Amelala."

"Mwamshe."