Ala ya Bastola ya Mzee Abdi

Mimi ni fundi wa ngozi hapa Isebania, na kama mafundi wengi, mimi ni mwongo. Si mwongo wa mambo makubwa. Namwambia mtu "njoo kesho" huku kazi yake sijaigusa. Naye anajua, tunacheka, maisha yanaendelea.

Mzee Abdi, mwenye duka la jumla la simu, hakujua. Huyo husadiki neno la mtu. Ana leseni ya bastola, na ala yake ya kiunoni niliishona mimi. Mwaka huu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukabaki unatetemeka, ndipo akaagiza mshikio wa mbele, kipande cha plastiki ngumu kinachofungwa chini ya mtutu ili mkono wa pili nao upate pa kushika. Aliniletea bastola bila risasi nikamfungia. Skrubu mbili tu, na nilivyojisifu!

Tulipojaribu kuirudisha kwenye ala, ikagoma. Mshikio ulijitokeza kama kidole gumba.

"Sasa nitabeba wapi, fundi?"

"Nakushonea ingine, Mzee. Nipe siku tatu."

Siku tatu zikawa wiki mbili. Shule zilikuwa zinafunguliwa, nami nilikuwa na mikanda ya wanafunzi hadi shingoni. Kila alipopita nilimwambia nashona. Jumatatu akauliza tena, nikamjibu bila haya, "Imebaki kushona pembeni tu. Kesho asubuhi utaipata."

Siku hiyo hiyo, akifunga duka, bastola ilikuwa kwenye mfuko wa sokoni pamoja na funguo. Alipovuta funguo, zikanasa kwenye kifyatuo. Risasi ilimpata binti yake, Shamima, aliyekuwa amesimama kando yake, chini ya goti.

Nilimfuata binti hospitalini Homa Bay, alikolazwa. Madaktari walikuwa wamesema mguu hautarudi kuwa ulivyokuwa. Shamima alikuwa amelala. Mama yake, Kultum, aliketi kando ya kitanda. Mzee Abdi alisimama mlangoni, kwa sababu tangu Jumatatu mkewe hakutaka amkaribie mtoto.

"Siku moja, Zablon," Mzee akaniambia. "Wewe umeshona, imebaki pembeni, na mimi nashindwa kungoja siku moja. Ningeacha hiyo kitu nyumbani mpaka kesho yake, huyu mtoto angekuwa anatembea."

"Siku moja tu," Kultum akasema, bila kugeuka.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kurudi Isebania, nikashona haraka haraka na kumletea, niseme ndiyo hiyo. Niliwaza hivyo kweli, Mungu anisamehe.

"Mzee, kesho yake isingekuwa tayari," nikasema. "Wala wiki hii. Sijakata hata ngozi. Wiki mbili zote nimekudanganya."

Kultum alinitazama hadi nikainamisha uso, kisha akaondoa shali yake kwenye kiti kilichokuwa kando yake.

"Baba Shamima," akasema, "kuja ukae."

Mzee akapita mbele yangu bila kuniangalia.