Damu ya Nashon

Nashon alikuwa fundi wa saa, mwenye kibanda River Road. Asubuhi moja mwaka wa 1973 alifika hospitalini akijishika kifua. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kasoro. Akapewa dawa ya kiungulia na kuambiwa arudi nyumbani Woodley.

Daktari Zachariah akamzuia mlangoni. Kwa muda mrefu alikuwa akitafuta katika damu dalili ya moyo ulioumia, dalili itakayoonekana hata mashine ikinyamaza. Alimtoa Nashon damu kidogo, akamlaza, na baadaye akamtoa tena. Damu ya kwanza ilikuwa safi. Katika ile ya pili, kimeng'enya kinachovuja kutoka misuli ya moyo kilikuwa kimepanda sana. Zachariah alifurahi, kisha akaona haya.

Mkewe Nashon, Philister, alipoelezwa, aliuliza swali moja.

"Sasa kwa kuwa mmejua mapema, mtamfanyia nini?"

"Atalala bila kuinuka. Tutampa hewa na dawa ya maumivu."

"Na moyo wenyewe?"

"Moyo hatuna dawa yake, mama."

Nashon alilala. Alihangaikia saa za wateja, akamwomba mkewe awarudishie wenyewe. Kila walipokuja kumtoa damu alinyoosha mkono bila kunung'unika. Siku ya tatu mchana, Philister akimnywesha uji, alifumba macho na hakuyafumbua tena. Zachariah aliingia na sindano mkononi, kwa maana saa ya kupima ilikuwa imefika.

"Umekuja kuchukua nyingine?" Philister aliuliza.

Zachariah alirudisha sindano mfukoni, akatoka.

Nashon alizikwa kwao Nyanza. Miezi ikapita. Zachariah aliwasomea madaktari wenzake matokeo yake katika hoteli moja mjini, nao wakampigia makofi. Kesho yake alikwenda Woodley kumweleza Philister kwamba sasa wagonjwa kama mumewe hawatarudishwa tena nyumbani.

Philister alimsikiliza hadi mwisho. Akauliza kama kuna yeyote aliyepona kwa sababu hiyo.

"Bado," alisema Zachariah. "Wawili tuliowagundua mapema walifariki pia. Lakini walifia kitandani, tukiwa nao."

"Yeye pia alifia kitandani."

Mvua ilianza kunyesha. Philister akatoka kuanua nguo. Zachariah alibaki ameketi, asijue kama ameagwa.