Rangi ya Koka

Wifi akisema hapana, mke wa kaka mtu hufunga mdomo. Ndivyo ilivyo visiwani Tonga, katika bahari ya Pasifiki. Toakase aliufunga. Lakini mikono hakuikunja.

Kalolaine, dada wa mumewe, hakumtaka kijana aliyemposa Lupe, binti wa Toakase. Neno la shangazi ni zito kuliko la baba na mama, naye alilitumia barabara: aliwakataza wanawake wa kijiji kusaidia kutengeneza ngatu, kitambaa cha gome kinachotandikwa harusini. Bila ngatu hakuna harusi. Mume wa Toakase akakimbilia shamba la viazi vikuu, maana mbele ya dada yake hana kauli.

Toakase akatwanga gome peke yake mpaka viganja vikatoka malengelenge, akaunga vipande. Ikabaki rangi. Akauendea mti wa koka nyuma ya nyumba, ule uliowapa nguzo za jiko na dawa ya vidonda vya mdomo vya watoto, akakwangua gome lake. Sasa, gome la koka hukamuliwa na watu wawili: hufungwa ndani ya utepe wa nyuzi, huyu akasokota huku, yule kule, wakivutana. Toakase alifunga ncha moja kwenye nguzo, akavuta mwenyewe. Kilichotoka kilikuwa chepesi kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu. Hasira zikampanda, akavuta tena.

Kalolaine akaja kuchungulia.

"He! Ndiyo rangi hiyo, au umeosha vyombo?"

"Ndiyo hiyo, wifi."

"Utaaibika."

"Mimi? Mimi siku hiyo nitakuwa jikoni. Wewe shangazi ndiye utakayekalishwa juu ya ngatu hii mbele ya kanisa zima. Nitaipaka hivihivi, na harusi iko palepale."

Kalolaine akakitazama kitambaa kilichotandazwa uani, kirefu kuliko nyumba. Kisha akafungua mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni, akautundika ukutani, akaishika ncha ya pili ya utepe.

"Ujue simtaki yule kijana."

"Najua, wifi."

"Hata kidogo!"

"Vuta!"

Tangu aolewe Toakase hakuwahi kumwamrisha wifi yake. Kalolaine akamkodolea macho. Halafu akakita miguu chini, akavuta, na rangi ikashuka nyekundu, nzito.