Tairi Halina Bitana

Harufu ya mpira uliounguzwa ilikuwa imetujaa puani, na baba alikuwa amepiga magoti mbele ya tairi la mbele kushoto kama mtu anayeliomba radhi. Alizima grenda aliyoiazima kwa fundi wa mageti. Akapuliza vumbi jeusi, kisha akapitisha kidole gumba mahali aliposaga, polepole, vile alivyozoea kupima uzito wa kitambaa.

"Weupe huo," akasema. "Njoo uone. Si nilikwambia?"

Nikainama. Ulikuwa weupe kweli. Ulikuwa nyuzi.

"Baba, hizo ni nyuzi. Umepita ngozi, umepita nyama, sasa uko kwenye mbavu."

"Redio," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu nilipoanza kusema na nikakosa mahali pa kuishia, "zima kidogo."

Nikazima. Akavaa miwani, akatazama tena. Nyuzi zilikuwa zimekaa sambamba, nyembamba, safi, kama mfumo wa kitambaa ghali. Alizikwaruza kwa ukucha. Nilimwona akihesabu kimoyomoyo, tairi moja, siku tatu.

Baba alikuwa fundi cherehani, na nyumbani kwetu ulimwengu wote ulikuwa nguo. Mtu mwongo ni mshono wa bandi, ukivuta unaachia. Jirani mwenye majivuno ni suti isiyo na mifuko. Nilipofeli hesabu aliniambia nimekatwa vizuri ila nimeshonwa kwa haraka. Kwa hiyo alipokumbuka kwamba gari lake, zamani, lilikuwa na matairi yenye pete nyeupe ubavuni, hakujiuliza weupe ule ulitoka wapi. Alijua. Kila vazi la heshima lina bitana. Weusi ni wa nje, weupe uko ndani, kazi ni kufumua tu.

Na haraka ilitoka kwa mama.

Mama alianza kusahau kidogokidogo, kwa adabu, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Alisahau sukari, akasahau Jumanne, akanisahau mimi. Mimi haikuniuma sana mwanzoni. Alinigeuza binti wa jirani, akawa ananisimulia habari za mwanawe mmoja anayesema sana, na nikapata bahati ambayo watoto wengi hawaipati, ya kusengenywa na mama yangu mbele yangu. "Anaongea huyo," alisema, "mpaka chai inapoa." Nikamwambia namfahamu, ni msichana mzuri. Akaguna.

Kisha akamsahau baba. Jioni baba aliporudi kutoka dukani na tepu shingoni, mama alimfungulia mlango, akamtazama nguo, akamtazama viatu.

"Fundi ametoka," akamwambia. "Kama umeleta kitambaa, niachie mimi."

Baba alisimama kizingitini. Mimi nikacheka, naomba hilo liandikwe, kwamba siku ile ya kwanza nilicheka. Yeye akasema, "Basi nitamngoja," akaingia, akakaa kwenye kiti cha wageni. Ikawa desturi. Kila jioni wawili hao walikaa sebuleni wakimngoja baba. Mama alimtengea chai, akamsimulia mumewe alivyo hodari, anavyochelewa kwa sababu ya wateja, na baba aliitikia, "Nimesikia sifa zake."

Gari ndilo lililovunja desturi hiyo. Siku ya kwenda kliniki, mama alifika hadi kwenye mlango wa gari, akarudi nyuma.

"Gari hii ya nani?"

"Yetu," baba akasema.

"Yetu wewe na nani? Gari ya mume wangu imevaa kola." Akamwonyesha magurudumu. "Kola nyeupe, zote nne. Alinichukulia kwetu na gari hiyo. Hii sipandi."

Baba akamshika kiwiko. Mama akakumbatia nguzo ya geti na kupiga kelele kwamba anaibwa. Majirani walitoka. Wengine walikuwa wamevaa suruali zilizoshonwa na baba, na bado walimtazama kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu.

Jioni ile mama mdogo, mdogo wake mama, mkunga mstaafu, alikuja. Hakukaa.

"Shemeji, sikulaumu. Lakini mtu akikuogopa huwezi kumuuguza. Jumamosi nakuja kumchukua akae kwangu."

"Hanijui leo tu. Kesho atanijua."

"Hiyo kesho umeniambia tangu mwaka jana."

Baba akatazama sakafu. "Na akinijua kabla ya Jumamosi?"

Mama mdogo alishusha pumzi. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akikuhukumu huna hata wa kumchukia. "Akipanda gari lako kwa hiari yake," akasema, "akakuita mume wake mbele yangu, nitageuza nirudi peke yangu. Na msamaha nitakuomba."

Ndipo tulipofika kwenye grenda.

Fundi wa pancha alipoliona lile tairi alilizungusha mara mbili. "Nani kalichuna hivi?"

"Baba," nikasema. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita na nilidhani ukweli ni jambo la kujivunia.

"Alikuwa anatafuta nini?"

"Bitana."

Akacheka mpaka akakalia rundo la matairi. Baba alimwacha acheke, mikono nyuma, kama mteja anayengoja chenji. "Mzee wangu," jamaa akasema akifuta macho, "tairi halina bitana. Yale ya zamani yalizaliwa na weupe wao kiwandani. Hili ukizidi kuchimba utatokea upande wa pili ukutane na upepo."

"Na rangi?"

"Rangi ya mafuta? Tairi likizunguka mara moja inapasuka kama kisigino. Labda upate mpira mweupe, ukate pete, ubandike kama kiraka. Kwaruza tairi, paka gundi pande zote mbili, halafu usiguse. Ngoja mpaka ukiweka kidole kisinase. Watu wote wanaharibu hapo. Hawajui kungoja."

"Mimi najua," baba akasema.

Jamaa akacheka tena, kidogo. Hakujua amechekea nini.

Tulitoa lile lililochunwa tukaweka la akiba, lenye kipara. Mpira mweupe tuliutafuta kwa wauza viatu, kwa wauza mazulia, kwa wauza mabomba. Alhamisi jioni baba aliingia chumbani kwao, akatoka na shuka jeupe la mpira. Yalikuwa mawili, mama mdogo ndiye aliyeyaleta, ya kutandika chini ya shuka la kawaida kwa sababu za usiku ambazo kwetu hatukuzitaja. Moja lilikuwa kitandani. Hili lilikuwa la kubadilishia.

"Baba, na siku ya kufua?"

"Akinijua," akasema, "hatutakuwa na shida hiyo."

Nilikuwa na jibu. Kwa mara ya kwanza nililimeza.

Alilikunja shuka mara nne, vile anavyokata sketi ya mwavuli, akachora robo ya duara kwa chaki yake ya bluu, robo nyingine ndogo ndani yake, akakata. Alipokunjua, pete nzima ikaanguka mezani, duara lisilo na kosa. Sijawahi kumwona akikata vizuri namna ile, hata suti ya mwenye benki. Nikamwambia tubandike upande wa kushoto tu, mama anapandia kushoto, upande wa pili ataujua nani?

"Shati halishonwi upande mmoja, Redio."

Ijumaa tulikwaruza, tukapaka, tukangoja. Baba aliketi uani juu ya ndoo, akiweka kidole, akitoa, akiweka. Alikuwa na uso ambao sikuuona tena baadaye. Alinisimulia alivyolinunua gari lile likiwa tayari limechoka, alivyozisugua pete zake kwa mswaki na sabuni siku ya kwenda kumchukua mama, na mama alivyotoka kwao, akalitazama, akasema, "Mwenyewe hana kola, gari lake linayo." Baba alikuwa amevaa fulana. Matairi yale yalipoisha, mapya yalikuja meusi, na hakuna aliyeona neno.

"Aliona," baba akasema. "Hakusema tu."

Jumamosi saa nne mama mdogo alifika na mkoba mdogo. Alizunguka gari, akainama, akagusa pete moja. Alitambua alichokigusa. Alinitazama mimi, si baba, na akanyamaza, na mpaka leo namshukuru kwa kunyamaza huko.

Kwa mbali, kweli, lilikuwa gari jingine. Pete nne nyeupe, zimekaa sawa, hazina kunyanzi. Baba alikuwa amevaa shati lenye kola.

Mama akatoka nikiwa nimemshika mkono. Alishuka ngazi moja, ya pili, akasimama. Mkono wake ukabana vidole vyangu.

"Lo," akasema. "Imerudi."

Aliniachia. Alikwenda peke yake, akainama kwenye tairi la mbele, akalisafisha kwa upindo wa nguo yake, kitu ambacho hakikuhitaji kusafishwa. Baba alikuwa amesimama upande wa usukani na mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka. Mama mdogo aliuhamisha mkoba kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Mama akafungua mlango mwenyewe. Wa nyuma.

Maisha yangu yote mama alikaa mbele. Nyuma ni kwa watoto na magunia. Alijipanga katikati ya kiti, akakunja mikono mapajani, akangoja. Baba akaingia, akawasha injini. Mimi nikakaa pale mahali pa mama, kwa sababu palikuwa patupu.

Baba alikigeuza kioo cha ndani, akamtazama. "Unalijua gari hili?"

"Mtoto mdogo analijua. La mume wangu."

"Na mimi?"

Mama alimtazama kwa makini, kwa wema, akimtafutia nafasi. Nilisikia viungo vya kiti vikilia, na nikajua baba anajiinua kidogo, kama mtu aliyeitwa.

"Wewe amekutuma," mama akasema. "Si ndiyo? Amekutuma unichukue."

Madirisha yalikuwa wazi. Mama mdogo alisikia. Baba aliitazama mikono yake juu ya usukani, ile yenye alama za sindano, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayelipwa:

"Ndiyo, mama. Amenituma."

"Basi tumngoje kidogo. Anakuja. Ana wateja wengi."

Baba akazima injini.

Tukamngoja. Mama mdogo alisimama getini na mkoba wake, na mara ya kwanza alitazama saa, mara ya pili hakutazama. Jua lilihama kutoka kwenye magoti yangu hadi kwenye mlango. Mama alimsifia dereva gari lilivyotunzwa. Dereva akasema mwenye gari ndiye mtunzaji. Mimi nilikuwa na utani mwingi kichwani, umepangwa kabisa, na kila nilipoukaribia niliukuta hauna kitu chini yake.

Mwishowe mama akasema, "Twende tu, dereva. Tutamkuta mbele."

Baba ndiye aliyefungua buti kwa ajili ya mkoba. Mama mdogo akasema, "Shemeji," akapanda nyuma na dada yake. Tulikwenda kwake tukiwa wanne, taratibu, kwa sababu gundi haipendi mwendo. Kule mama alishuka vizuri, akaikung'uta nguo yake, akarudi kwenye dirisha la dereva.

"Ukimwona mwenyewe, mwambie nilimngoja."

"Nitamwambia, mama."

"Usisahau."

"Sisahau."

Tulipogeuza, pete ya nyuma kulia ilikuwa imeanza kubanduka. Ikawa inapiga bodi kila tairi lilipozunguka, tap, tap, tap, na baba hakusimama kuitazama. Kioo alikuwa hajakirudisha. Bado kilionyesha kiti cha nyuma, katikati.

Tulikuwa tumebakiza kona moja kufika nyumbani.

"Redio," akasema. "Mbona kimya?"

"Betri, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyeambiwa kitambaa hakitoshi.