Mke Asiye na Dereva

Mume wangu Dalmas alihamishwa Jeddah mara mbili, na mara zote mbili hakwenda.

Kampuni yao ya lifti ina ofisi Riyadh na nyingine Jeddah, na bosi wao, Msaudi mpole mwenye sauti kubwa, alikuwa akiwahamisha mafundi huku na huko kama mtu anayepanga viti vya arusi. Mwenye mgongo mbovu alihamishwa. Mwenye mchumba Riyadh alihamishwa. Lakini Dalmas aliposimama mbele yake na kusema, "Bosi, nina mke hapa, na mke hana dereva," mzee alirudisha kalamu mfukoni. Mke wa mtu hawezi kuachwa bila wa kumpeleka kazini. Halas, hilo halikuwa na mjadala.

"Kwa hiyo mimi ndiye ugonjwa wako," nilimwambia.

"Wewe ndiye cheti changu cha daktari."

Tulikaa Malaz, mtaa wa Riyadh, ghorofa ya tatu, kwenye jengo lenye fundi wa lifti mmoja na lifti moja iliyokufa. Mimi nilifanya kazi katika kliniki ya meno Sulimaniyah, nikisafisha na kuchemsha vyombo vya daktari. Kila asubuhi Dalmas alinipeleka kwa Corolla yetu kuukuu, na kila jioni akaja kunichukua. Nje ya kliniki waume walijipanga, Wamisri, Wapakistani, Wafilipino, kila mmoja ameegemea gari lake kama mbuzi anayesubiri kufunguliwa kamba. Nilikuwa nikiwasalimia wote nikipita. Wangu alikuwa akinifungulia mlango akijifanya hanijui: "Wapi, madam?"

"Nyumbani, na usinizungushe."

Nisiposema ukweli hapa sitasema popote: ndoa yetu ilikuwa ndani ya lile gari. Nyumbani kuna simu, kuna sufuria, kuna usingizi. Kwenye msongamano wa jioni hakuna pa kukimbilia. Humo tuligombana, humo tukapatana, humo tuliwachambua ndugu zake wote mpaka wakaisha tukaanza wangu. Na siku mimba yetu ilipotoka, humo ndimo alimonishika mkono. Taa ikawa ya kijani, magari ya nyuma yakapiga honi kama yamechanganyikiwa, naye hakuuachia.

Basi wanawake wakaruhusiwa kuendesha. Riyadh nzima ikawa inazungumzia jambo hilo, kliniki nzima, hata wagonjwa wenye midomo wazi. Nilijiandikisha shule ya udereva na foleni ilikuwa ndefu, lakini nilingoja.

Kulikuwa na sababu, na Dalmas aliijua. Kabla ya kuolewa nilikaa Jeddah kwa mkataba mzima, nikifanya kazi ya ndani. Nasema Jeddah, lakini Jeddah yangu ilikuwa jikoni, vyumba vya watoto na pale pa kuanikia nguo. Madam hakuwa mbaya wa kupiga. Alikuwa tu na funguo zote. Nikitaka kufungua dirisha nilisema tafadhali. Mtu akishaomba dirisha, leseni haiwi karatasi tu tena.

Kila Ijumaa asubuhi, mji ukiwa umelala, Dalmas alinipeleka kwenye uwanja wa kuegesha magari akanifundisha. Nilitarajia mzaha. Nikapata mwalimu mkali kuliko waliokuwa shuleni.

"Kioo."

"Nimeangalia."

"Umejiangalia wewe. Angalia nyuma."

Alinirudisha kinyumenyume kati ya ndoo mbili mpaka shingo ikauma. Na kadiri nilivyozidi kuweza, ndivyo alivyozidi kunyamaza. Nikadhani ni wivu.

"Unaogopa nitapata leseni nikukimbie?"

"Kioo, Valary."

Mtihani ulipokaribia, Nahashon, fundi mwenzake, alikuja kula kwetu. Nilikuwa nimepika ugali na mulukhiya, ile mboga ya Wamisri ambayo sisi watu wa Bungoma tukiionja mara ya kwanza tunataka kulia, maana ni mrenda mtupu umebadilishwa jina. Nahashon ni Mkisii, mrenda unamtoroka kwenye vidole, na nilikuwa nimeshamcheka vya kutosha aliposema:

"Shemeji, nakupongeza mapema. Na wewe Dalmas, ukifika Jeddah usikubali kitanda cha karibu na choo."

Nilimwona Dalmas akimkanyaga chini ya meza.

"Afike Jeddah kufanya nini?" nikauliza.

Nahashon akaangalia ugali wake kama aliyeitiwa msaada huko ndani. "Si... bosi alisema. Shemeji akipata leseni, basi shida ya dereva imeisha. Yalla, Jeddah."

"Na bosi alijuaje kwamba ninajifunza?"

Dalmas akajifuta mikono taratibu.

"Nilimwambia mimi," akasema. "Alikuwa anamsifu dereva wake. Nikamwambia mke wangu anarudi nyuma kumshinda."

"Ukamwambia bosi?"

"Nilikuwa najisifu."

Nahashon akacheka mpaka akakohoa. Kisha akapata wazo, na Nahashon akipata wazo hulitoa kabla halijaiva. "Shemeji, si ufeli kidogo tu? Gonga kakoni kamoja ka mtihani. Ufeli leo, ufeli mwaka ujao, bosi atazeeka."

Alipoondoka nilianza kuosha vyombo, Dalmas akashika kitambaa cha kukaushia.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu zile ndoo."

"Na bado ukanifundisha."

"Ulikuwa unazigonga. Ningekuachaje?"

"Dalmas, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha."

"Nisingeacha."

"Ungeacha. Ungeacha huku unacheka, hata nisingejua umeumia wapi. Nakujua." Akakausha sahani iliyokuwa imeshakauka. "Na usijaribu ushauri wa Nahashon. Ukifeli kwa makusudi nitajua. Mimi ndiye mwalimu."

Nikamnyang'anya ile sahani, nikampa yenye maji.

Siku ya mtihani aliniacha langoni. Mkaguzi alikuwa msichana wa Kisaudi, abaya yake nyeusi, chini raba nyeupe kabisa. Alinionyesha gari, akaingia kiti cha nyuma na karatasi zake. Nami nikaenda kwenye mlango wa kulia, nikafungua, nikakaa, nikafunga mkanda, nikaweka mkoba mapajani.

Mbele yangu hakukuwa na usukani.

Mkenya atanielewa. Kwetu dereva hukaa kulia. Hofu ilipozidi, kichwa kikarudi Kenya, na mwili ukakaa palepale nilipokuwa nikikaa kila siku Riyadh. Nilikuwa nimefika kwenye kiti changu cha abiria kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

"Dada," msichana akauliza kutoka nyuma, kwa upole, "unamsubiri dereva?"

Naapa swali lile lilinikaa kifuani. Ningeweza kusema ndiyo. Ningesema najisikia vibaya, nishuke, nirudi langoni, na jioni ileile ningefunguliwa mlango na kuulizwa, wapi, madam? Hakuna ambaye angenilaumu. Na Dalmas, aliyesema atajua, angenyamaza tu, na kile kimya ningekibeba ndani ya lile gari kila siku.

"Hapana," nikasema. "Nimekosea upande."

Nikashuka, nikazunguka, nikakaa penye usukani. Kioo. Nyuma, si uso wangu. Sikugusa koni hata moja.

Nilipotoka Dalmas alikuwa ameegemea Corolla ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimeshapanga mzaha: nitaweka uso wa kufeli, nione atakavyoficha furaha yake. Nikainamisha kichwa, nikaburuta miguu kama mtu wa msibani. Nikainua macho kidogo kumchungulia.

Hakuwa na furaha yoyote ya kuficha. Uso ulikuwa umemwanguka wote. Alikuwa anavuka barabara kuja kwangu bila hata kuangalia magari, yeye na vioo vyake vyote, mikono imeshatanuka.

"Si kitu," alikuwa akisema. "Si kitu, mama, tutarudia. Ni kona, eh? Ni ile kona?"

"Nimepita, mjinga wewe!"

Akasimama katikati ya barabara. Akaninyooshea ufunguo, na sikumtania tena mpaka Malaz.

Bosi alimwambia mabruk, yaani hongera, na alimaanisha. Kisha akatoa kalamu.

Nilimpeleka Jeddah kwa gari, tukipokezana usukani usiku kucha. Karibu na Makka tulishika njia ya wasio Waislamu, tukazunguka pamoja na malori, na saa ya chakula cha mchana tulikuwa Hindawiyah, mjini Jeddah, kwenye chumba cha kampuni. Wenzake wawili, Mnepali na Msudani, walitoka nje kwa heshima ili mke akague. Nilikagua. Nilipiga godoro, nikafuta dirisha, nikalifungua, nikaliacha wazi. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya, nikalifuta tena.

Mpango wake ulikuwa mimi nirudi kwa ndege, yeye abaki na gari.

"Gari linarudi na mimi," nikasema. "Nani atanipeleka kazini?"

"Peke yako? Jangwa lote hilo?"

"Nina leseni. Muulize mwalimu wangu."

Dalmas alikaa kitandani, akanitazama, akatazama begi lake ambalo hata hakuwa amelifungua zipu. Kazi ilikuwa inaanza Jumapili. Siku ile ilikuwa Ijumaa.

"Nitakusindikiza," akasema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka Malaz. Halafu kesho nipande ndege nirudi."

"Dalmas, huo ni wazimu. Tumetoka huko sasa hivi."

"Najua tulikotoka."

Msudani mlangoni aliuliza rafiki anakwenda wapi na ndiyo kwanza amefika. Dalmas akamjibu kwa Kiarabu chake cha kazini kwamba mke hana dereva, na Msudani, akiniona na ufunguo mkononi, akaamua kutouliza zaidi.

Nikashika usukani mimi. Yeye akakaa kulia, akafunga mkanda, akaanza kunikosoa kabla hatujatoka mtaani. Tukaiacha milima ya Taif nyuma, barabara ikanyooka, malori yakaanza kutupita moja baada ya jingine.

"Mbona unaendesha polepole hivi?"

"Nafuata sheria."

"Sheria inaruhusu zaidi."

"Mwalimu, nani ana usukani?"

Lori jingine likatupita, likatupigia honi. Hakuniambia niongeze mwendo.